KINYWA CHA MZEE NI AMANA

HOTUBA YA KWANZA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba binadamu katika umbo lililo zuri, akampa macho mawili, na ulimi, na midomo miwili, na nyuma ya midomo hiyo akampangia meno yake, haya ya kukata na haya ya kusaga, pasipo kumtaka thamani. Tunamshukuru kwa neema tunazozijua, na kwa zile tusizozihisi mpaka zitutoke. Tunashuhudia ya kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Mwenyezi Mungu peke yake, hana mshirika; na tunashuhudia ya kwamba bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Ewe Mola wetu, mteremshie rehema na amani Mtume wetu, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunaziusia nafsi zetu na tunakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na katika kumcha ni kuichunga amana aliyotupa, na mwili huu ni amana. Hatukuuumba, hatukuununua, nasi tutaulizwa tuliutumia vipi.

Ndugu zetu Waislamu, mliohudhuria hapa nanyi mnaotusikiliza majumbani, leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona ni dogo, halistahiki mimbari. Nalo ni meno ya wazee wetu, na hasa wale walio na maradhi ya kudumu, kama kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Twaomba mtusikilize mpaka mwisho, kisha mpime wenyewe kama jambo hili ni dogo.

Tuanze na saa za mwisho za Mtume wetu (s.a.w.). Amesimulia Mama Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, na hadithi hii imo katika Sahihi ya Bukhari, ya kwamba Mtume alipokuwa katika maradhi yake ya mwisho, naye ameegemea kifuani pake, aliingia Abdurrahman bin Abi Bakr, ndugu yake Mama Aisha, na mkononi ana mswaki. Mtume akautazama mswaki ule. Mama Aisha akafahamu ya kwamba anautaka. Akamuuliza kama amchukulie, naye akaashiria kwa kichwa kwamba ndiyo. Akampa, lakini ukamwia mgumu. Akamuuliza kama amlainishie, akaashiria tena kwamba ndiyo. Basi Mama Aisha akaulainisha, na Mtume akasafisha meno yake. Haukupita muda ila Mtume wetu aliiaga dunia.

Zingatieni jambo hili, ndugu zetu. Huyu ni mtu wa miaka 63, homa imemshika sana, nguvu zimemwishia hata kunena kunamwia uzito, na saa yake ya kuondoka imefika. Lau ingekuwapo ruhusa ya kusema kwamba mgonjwa hana haja na meno yake, ruhusa hiyo ingalikuwa yake. Lakini hakuacha. Wala Mama Aisha hakumwambia apumzike na kuliacha jambo hilo, wala hakungoja kuombwa. Aliyasoma macho ya mgonjwa wake, akamlainishia mswaki. Maneno yetu yote ya leo yamo ndani ya kisa hiki: mzee mgonjwa anayo haki ya kinywa safi kisicho na maumivu, na ikiwa hawezi kuipata haki hiyo mwenyewe, sisi wa nyumbani ndio wa kumlainishia mswaki.

Sasa tutazame hali yetu. Mzee akiumwa na mguu tunampeleka hospitali. Akipungukiwa na nguvu za macho twamtafutia miwani. Lakini fizi zake zikitoka damu, au jino likilegea, au akaacha kula nyama na karanga alizozizoea, twasema: huo ni uzee. Naye mwenyewe husema hivyo hivyo, akanyamaza, akavumilia.

Katika hadithi aliyoipokea Usama bin Sharik, waliyoitoa Abu Daud na Tirmidhi, mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kujitibu, naye akawaamrisha watafute matibabu, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa ugonjwa mmoja tu, nao ni uzee. Wako watu walioshika mwisho wa hadithi hii wakauacha mwanzo wake. Kila kinachompata mtu aliyefika miaka 60 wanakitia katika hilo moja lisilo na dawa. Lakini hapana budi tupambanue. Mvi ni uzee. Ngozi kukunjamana ni uzee. Ama fizi kuvimba na kutoka damu, na jino kutoboka na kuoza, hayo ni maradhi, tena maradhi yajulikanayo sababu zake na tiba yake. Basi yamo katika amri ya kujitibu, wala hayamo katika lile lililovuliwa.

Sababu yake ni hii. Juu ya meno hujengeka utando uitwao ukoga, na ndani yake mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ukoga usipoondolewa huwa mgumu kama jiwe, fizi huvimba, na taratibu mfupa uliolishika jino huliwa, mpaka jino hutikisika pasipo hata kuuma. Na vijidudu hivyo vikipata sukari ya chai na vitafunio hutoa tindikali inayolitoboa jino. Utafiti uliotangazwa mwaka 2006, uliofanywa kwa watu wapatao elfu moja wenye umri wa miaka 50 na zaidi katika Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani, ulionyesha ya kwamba zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa wamekwisha poteza jino moja au zaidi, na sababu kubwa ilikuwa ni meno kuoza. Hawakunyang'anywa meno yao na miaka, ila na ugonjwa uliokuwa ukizuilika.

Ndugu zetu, mji wetu huu wa Tabora unayo habari yake na meno. Katika karne ya 19, wazee walipouita Kaze katika nchi ya Unyanyembe, ulikuwa ndio kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika hapa, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Njia hiyo ilituletea Uislamu na miembe inayotupa kivuli. Na hatufichi kwamba ilipitisha pia dhuluma kubwa ya kuuza binadamu. Mzigo wake mashuhuri ulikuwa pembe za ndovu. Na pembe ya ndovu, ndugu zetu, kwa hakika si pembe. Ni jino la mbele lililorefuka. Wapagazi wa Kinyamwezi waliyabeba meno hayo mabegani kwa muda wa miezi, wakivuka nyika na mito, kwa kuwa mfanyabiashara wa pwani alijua thamani yake.

Na ndovu huyo huyo anayo ibra nyingine. Mwenyezi Mungu amemjaalia magego zamu sita katika maisha yake. Yaliyochakaa hutoka, na mengine husogea mahali pake. Akifika uzeeni na zamu ya mwisho ikachakaa, hawezi tena kutafuna. Hukonda, akafa hali majani yamemzunguka. Mnyama huyo hana tabibu. Mwanadamu amepewa tabibu, na dawa, na akili, na watoto wa kumpeleka. Haifai basi sisi tuliorithi njia iliyobeba jino la mnyama masafa yote yale, tushindwe kumfikisha mzazi wetu kwa tabibu kwa ajili ya jino lake.

Mtasema: lakini mzee wetu tayari anayo maradhi makubwa, na meno ni jambo la mwisho. Hapa ndipo penye kosa, nasi twaomba mtege masikio. Kinywa hakikutengwa na mwili. Mwenye kisukari, sukari ikizidi katika damu, kinga ya mwili wake hudhoofika, mate humpungua, na vidonda huchelewa kupona. Kwa hiyo ugonjwa wa fizi humpata kwa wepesi na kwa ukali. Kisha ugonjwa huo wa fizi nao huifanya sukari iwe ngumu kutulia. Basi maradhi mawili haya hulishana. Na madaktari wamethibitisha ya kwamba mgonjwa wa kisukari akitibiwa fizi zake, sukari yake hushuka kwa kiasi fulani. Mzee anameza vidonge vyake kwa uaminifu, anaacha sukari katika chai, na bado kipimo hakishuki. Pengine sababu mojawapo imo kinywani mwake, na hapana aliyemwambia afungue kinywa atazamwe.

Mwenye shinikizo la damu, baadhi ya dawa anazotumia hukausha mate, na nyingine huweza kuzifanya fizi zinenepe na kufunika meno. Mwenye moyo ulioharibika milango yake huweza kudhurika vijidudu vya kinywani vikiingia katika damu. Mwenye kinga dhaifu hutokewa na utando mweupe na vidonda kinywani. Na mgonjwa aliyepatwa na kiharusi, mkono mmoja ukalala, hawezi kupiga mswaki sawasawa, na chakula hubaki katika shavu lililokufa ganzi pasipo yeye kujua.

Tazameni pia chakula. Mzee asiyeweza kutafuna huyaacha mahindi ya kuchoma, karanga, nyama, matobolwa na matunda yenye nyuzi. Hubakiwa na uji, na mkate uliochovywa katika chai tamu. Akiwa na kisukari, basi amekimbilia kile kile alichokatazwa. Nyumbani watu wanamlaumu kwamba hafuati masharti ya daktari, kumbe hana meno ya kuyafuatia masharti hayo.

Tena tazameni ibada yake. Wenye kusoma tajwidi wanajua ya kwamba herufi za thaa, na dhaali, na dhaa nzito, hutoka katika ncha ya ulimi ikikutana na ncha za meno ya juu ya mbele, na faa hutoka katika mdomo wa chini ukikutana na meno hayo. Mzee aliyefundisha watoto Kurani kwa miaka 40, meno ya mbele yakimtoka, herufi hizo humtoka pia. Hana dhambi kwa hilo, na Mola wake anamsikia. Lakini wapo miongoni mwao walioacha kusoma kwa sauti kwa haya, na wapo walioacha hata kukaa safu ya mbele kwa kuogopa harufu ya kinywa chao. Mzee huyo anajitenga na jamaa, anajitenga na msikiti, nasi twasema amekuwa mpweke kwa uzee. Je, ndugu zetu, jambo hili bado ni dogo?

Tunasema kauli yetu hii, na tunamuomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na kwa ajili yenu na kwa Waislamu wote. Muombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

HOTUBA YA PILI

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu kwa wingi wa hisani yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mcheni Mwenyezi Mungu, na jueni ya kwamba elimu isiyofuatwa na kitendo ni hoja juu ya mwenye nayo. Kwa hiyo katika hotuba hii ya pili tunataka kusema juu ya yanayowazuia wazee wetu wasiende kwa tabibu wa meno, na juu ya wajibu wetu.

La kwanza linalowazuia ni hofu, na hofu nyingi zimejengwa juu ya maneno yasiyo na asili. Wapo wasemao kung'oa jino la juu hupofusha macho. Hilo si kweli. Mishipa ya jicho haikufungwa katika jino. Wapo wasemao mwenye presha au mwenye sukari haguswi jino. Nalo si kweli. Tabibu humpima kwanza, na shinikizo au sukari ikiwa juu mno, hutulizwa kabla ya kazi. Ikiwa imetulia, anatibiwa kama wengine kwa tahadhari. Basi maradhi ya kudumu si kizuizi cha kumuona tabibu wa meno, bali ndiyo sababu ya kumuona mapema na mara kwa mara, hata kama hapana kinachouma.

La pili ni ule usemi kwamba dawa ya jino ni kung'oa. Kung'oa ni tiba ya mwisho, jino likiwa haliokoleki. Kabla ya hapo kuna kusafisha fizi na kuondoa ukoga mgumu, na kuna kuziba tundu lingali dogo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na jino ni mfano ulio wazi wa maneno hayo. Anayengoja mpaka shavu livimbe amejiletea gharama na hatari, kwani usaha wa jino huweza kuteremka chini ya taya na shingoni ukaziba njia ya pumzi. Na mwenye kisukari yumo katika hatari hiyo kuliko mwingine. Uvimbe wa namna hiyo, ukifuatana na homa au shida ya kumeza, haungojwi mpaka asubuhi.

La tatu ni kujitibu kwa kubahatisha. Chumvi ya Uvinza imejulikana katika njia hii tangu zamani, na kusukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi huleta nafuu. Mafuta ya karafuu nayo hutuliza maumivu. Lakini nafuu si tiba; jino lililonyamaza siku mbili halikupona. Ama kuweka tumbaku katika tundu la jino, au kidonge cha aspirini kikalazwa juu ya ufizi, au kumwendea mtu mwenye koleo asiye na elimu wala vyombo vilivyochemshwa, hayo ni madhara juu ya madhara. Na kwa kuwa mkoa wetu ni mkoa wa tumbaku, tunawanasihi wazee wetu wanaovuta au wanaotumia ugoro: tumbaku huharibu fizi na ni sababu mojawapo kubwa ya saratani ya kinywa. Kidonda au doa kinywani lisilopona kwa wiki mbili lionyeshwe kwa tabibu, hata kama haliumi.

La nne ni masafa na gharama. Hili hatulikanushi. Zahanati nyingi za vijiji hazina tabibu wa meno. Mzee wa Kaliua, wa Sikonge au wa Uyui hulazimika kufunga safari mpaka hospitali ya wilaya, au mpaka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Kitete. Lakini mzee huyo huyo mara nyingi anayo kadi ya kliniki ya kisukari au ya presha, na kila anapoitwa huja. Basi siku hiyo hiyo aliyokwisha lipa nauli, na amuulize mganga wake juu ya kinywa chake, na aombe kuonwa katika kitengo cha meno. Tunawaomba pia waganga na wauguzi wetu, ambao kazi yao ni ibada kwa mwenye nia njema, wasimpime mgonjwa wa kisukari mguu na macho wakaacha kumwambia afungue kinywa. Na wazee wajue haki yao: sera za nchi yetu, ikiwamo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, zimeelekeza ya kwamba mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Kuuliza haki hiyo kwenye dirisha la mapokezi si kuomba omba.

Ndugu zetu, yapo na maswali ya dini ambayo wazee hutuuliza. Wanauliza juu ya Ramadhani. Baraza la Fikihi la Kiislamu, katika kikao chake cha kumi kilichofanyika Jidda mwaka 1997, lilitoa uamuzi ya kwamba kutoboa jino ili lizibwe, kung'oa gego, kusafisha meno, na kutumia mswaki havifunguzi saumu, maadamu mtu amejihadhari asimeze kinachofika kooni. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii imekuwa ikichukiwa mwenye kufunga kupiga mswaki baada ya adhuhuri, ijapokuwa Imamu Nawawi mwenyewe alichagua kwamba hapana ubaya. Basi asiwepo mwenye kuifanya Ramadhani kuwa mwezi wa kuacha kinywa kichafu: apige mswaki baada ya daku, na apige baada ya kufuturu, kabla hajalala.

Wanauliza juu ya meno ya bandia. Hayo yanajuzu. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani kabla ya Uislamu, akatengeneza pua ya fedha, ikamnukia vibaya, na Mtume (s.a.w.) akamwamrisha afanye ya dhahabu, na kwa kisa hicho wanachuoni wakapima wakajuzisha hata jino la dhahabu kwa mwenye haja nalo. Wala mwenye meno ya bandia halazimiki kuyatoa kila anapotawadha, kwani kusukutua katika madhehebu yetu ni sunna. Lakini ayatoe usiku anapolala, ayasafishe na kuyaweka katika maji, ili fizi zipumzike.

Sasa wajibu wetu sisi watoto na wajukuu. Mwenyezi Mungu ameuambatanisha wema kwa wazazi na ibada yake mwenyewe, na akaitaja hasa hali ya wao kufikia uzee wakiwa kwetu, akatukataza hata neno dogo la kuwachukia. Wema huo una matendo, na haya ni miongoni mwake. Mnunulieni mzee wenu mswaki laini na dawa ya meno yenye madini ya floraidi, apige mara mbili kwa siku, na hasa usiku. Anayependa mswaki wa mti na autumie, kwani hiyo ndiyo sunna yenyewe. Akate ncha iliyochakaa na kutafuna nyingine, asiikwaruze fizi. Lugha yetu ina hekima katika jambo hili, kwani hata mswaki wa dukani tumeuita kwa jina la sunna. Asiyeweza kutumia mkono wake, msafisheni nyinyi kwa upole. Mwenye kinywa kikavu apewe maji kidogo kidogo. Siku ya kwenda kwa tabibu, mwenye kisukari ale na ameze dawa zake kama alivyozoea. Na zichukuliwe dawa zote anazotumia, au kadi yake, ili tabibu azione. Wala asiache dawa ya moyo au ya kuzuia damu kuganda kwa kusikia maneno ya watu. Hilo ni la daktari wake kuamua. Mwenye ugonjwa wa milango ya moyo aseme mapema, kwani pengine atahitaji dawa kabla ya jino kung'olewa.

Na kamwe tusimcheke mzee kwa kumwita kibogoyo. Mzaha huo ndio unaomfunga kinywa asiseme kwamba anaumwa.

Tena tunatoa shauri kwa misikiti yetu. Tunachanga kwa ajili ya sanda, na hilo ni jema. Basi na tuchange pia kwa ajili ya aliye hai. Kila msikiti uwajue wazee wake wenye maradhi ya kudumu, wanaume na wanawake, na vijana wenye baiskeli na pikipiki wapeane zamu ya kuwafikisha kliniki. Nauli ya mzee mmoja ni sadaka iliyo nyepesi mfukoni. Na leo jioni, kabla ya kulala, kila mmoja wetu mwenye mzazi nyumbani na amkalie karibu, amuulize maswali matatu: Je, unaumwa na jino? Je, fizi zinatoka damu? Je, kuna chakula ulichokiacha kwa kushindwa kukitafuna? Kisha anyamaze amsikilize, kwani wazee wetu wamezoea kusema hawajambo hata wanapoumwa.

Ewe Mola wetu, wape shifaa wagonjwa wetu, na uwape wazee wetu afya katika miili yao, na masikio yao, na macho yao, na vinywa vyao wanavyokutaja navyo. Ewe Mola wetu, wabariki waganga na wauguzi wetu, uwazidishie elimu na huruma. Tujaalie tuwe wenye kuyasoma macho ya wazazi wetu kabla hawajatuomba, na wala usitujaalie kuwa miongoni mwa waliowakuta wazazi wao uzeeni kisha wakakosa Pepo. Wasamehe wazee wetu waliotangulia, waliozikwa hapa mjini na kando ya njia hii tangu pwani mpaka ziwani. Ewe Mola wetu, tupe mema duniani na mema akhera, na utukinge na adhabu ya Moto.

Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Na sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Simameni kwa Sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.